Tela la Baba na Ulezi wa Bibi

Harufu ya rangi ya mafuta kwenye bati lililopigwa na jua hunirudisha moja kwa moja kwenye tela la Baba. Hata leo nikipita mbele ya karakana ya kuchomelea vyuma napunguza mwendo ili niivute vizuri. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea Tarime mjini, na nilipokuwa darasa la tano alitumia jioni zake zote kuunda nyumba ndogo ya magurudumu. Chini aliweka ekseli ya pikapu iliyokufa, juu yake kuta za bati, ndani vitanda vya kukunja, na nyuma ngazi fupi ya kupandia paani. Rangi ilikuwa ya kijani, iliyobaki kwenye geti la mteja. Majirani waliuliza kama ni banda la kuku au kibanda cha chipsi. Baba, ambaye maneno kwake yalitoka kwa shida kama meno, aliwajibu kwamba ni nyumba ya mama yake.

Bibi aliishi Kenyamonta, lakini shamba lake la ulezi lilikuwa mbali na nyumbani, upande wa mpaka wa hifadhi, kusiko na nguzo ya umeme wala jirani wa kumwomba moto. Misimu miwili kabla ya hapo tembo walilimaliza likiwa limeiva, na msimu uliofuata wakarudia. Baba mdogo, mfanyabiashara wa Sirari, akachoka kupokea simu za kilio. Akatamka mbele ya ukoo mzima kwamba tembo wakila tena, atakuja na pikapu yake amchukue Bibi akaishi naye mjini, na shamba liachwe lirudi kuwa pori. Alisema kwa upendo, hilo sina shaka nalo. Lakini Bibi alilifungua shamba lile kwa jembe lake mwenyewe alipoolewa. Wiki ile ile Baba alianza kukusanya vyuma.

Likizo ya Juni tukaondoka. Hadi Kenyamonta tela lilivutwa na gari la kukodi. Kutoka hapo lilifungiwa maksai wa Bibi, maana njia ilikuwa makorongo matupu. Sijawahi tena kusafiri kwa fahari kama ile, nikiwa nimekaa dirishani nyuma ya mikia ya ng'ombe, nikiwapungia watoto waliotoka mbio kuangalia nyumba inayotembea. Tulipofika, Baba alilaza paneli ya sola juu ya paa tambarare, akashusha waya hadi kwenye betri ya lori chini ya kitanda. Katikati aliweka kifaa kidogo chenye taa zake: kijani betri ikishiba, njano ikipungua, nyekundu ikiisha. Taa kali zilizunguka pembe zote za tela, na juu ya mlango akafunga honi ya lori ikitazama porini. Jioni alipowasha, ulezi ukaonekana hadi mwisho wa shamba, masuke yote yameinama kwa uzito, na Bibi akazunguka tela taratibu akiligusagusa kama anayekagua ng'ombe mnadani. Akasema limekaa vizuri. Kwa Bibi hiyo ilikuwa sifa kubwa mno.

Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Tembo walisogea ukingoni mwa pori, wakaona mwanga, wakageuza. Kisha tukaanza kuvuna masuke yaliyotangulia kuiva, na hapo ndipo umeme ulipoanza kututoroka. Jua likizama kifaa kilionyesha nyekundu, na taa zilififia kabla hatujamaliza kula. Baba alikaza waya, akasugua vichwa vya betri, akapanda paani kila jioni na kukuta paneli inang'aa kuliko sahani za wageni. Akaipakia betri kwenye pikipiki ya kukodi akaipeleka mjini Mugumu ikachajiwe dukani; ilirudi imeshiba, na baada ya siku chache ikalala tena. Alimlaumu aliyemuuzia betri, halafu akajilaumu mwenyewe, na hilo lilikuwa baya zaidi kulitazama. Tembo walikwisha kula kona moja ya shamba. Baba mdogo alipopiga simu, Bibi alimjibu kwamba wote ni wazima, akakata. Baba mdogo akapiga tena, akasema basi anakuja mwenyewe kuona.

Siku moja mchana nilichomwa na mwiba nikiwa na Baba mavunoni, akaniambia nirudi telani. Njiani nikashangaa kuona ndege wamejaa juu ya paa, njiwa na shomoro, wakigombana kama wako harusini. Nikapanda ngazi kwa mguu mmoja. Paneli haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa kote na ulezi, umetandazwa vizuri kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake. Kule nyumbani Bibi alikuwa na kichanja chake cha kuanikia; hapa chini kulikuwa na mchwa na mbuzi wa wapitaji, na kioo kile kilikuwa safi, kina joto, kiko juu. Kila asubuhi tulipoondoka alianika, na kabla hatujarudi alianua na kukifuta kwa kitambaa. Hakuficha chochote. Hakuna aliyemuuliza.

Nilichechemea kumwita Baba. Alipofika juu ya ngazi aliuona ule ulezi, na kwa vile hakuna Mkurya anayemfokea mama yake, alishuka akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, karibu na moto ambapo Bibi alikuwa akipika.

"Mama," alisema, "hicho kioo kinakula jua."

"Na ulezi wangu unakula nini?" Bibi akamjibu, bila kuacha kukoroga chungu. Kisha akaelewa. Niliuona uso wake ukibadilika. Akafuta mikono kwenye kanga na kusema polepole, "Nilijua kinakula jua, mura mwanangu. Sikujua kina choyo hivyo. Jua lote hili, kimeshindwa kunigawia kidogo?"

Baba alicheka hadi akajishika mbavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tufike.

Kesho yake Bibi hakushika kazi nyingine. Alikaa kwenye ngazi na fimbo, akifukuza ndege, akinituma ndani kila mara nikamwangalizie rangi ya taa. Nyekundu. Nyekundu bado. Alasiri nilipomwambia njano, alinyoosha mgongo. Pikapu ya baba mdogo iliingia jua likielekea kuzama, tupu nyuma, na kamba za kufungia mizigo tayari. Hata salamu hazijaisha, matawi yakaanza kuvunjika upande wa pori na kundi zima la tembo likatokeza kwenye ulezi.

Baba aliwasha taa zote. Tembo wakasimama, lakini hawakugeuka. Ndipo akamshika mama yake mkono, akauweka kwenye kitufe cha honi. Bibi alibonyeza, na hakuachia. Honi ililia kama malori yote ya Sirari yamekutana pale, maksai wakakata kamba, baba mdogo akaziba masikio, na tembo wakageuka mmoja baada ya mwingine wakarudi walikotoka, vumbi likiwafuata. Bibi alipoachia, alipiga kigelegele ambacho sijasikia cha kukifikia katika harusi yoyote. Tulikuwa tunalia na kucheka. Mwisho wa mavuno pikapu ile ile ilirudi Kenyamonta, si Sirari, imesheheni magunia ya ulezi, na Bibi amekaa mbele karibu na dereva.

Leo naishi Mwanza. Nabonyeza swichi ukutani, taa inawaka, na simshukuru mtu. Umeme ukikatika nanung'unika na kusubiri. Umeme wa nguzo umefika hata Kenyamonta. Lakini Juni Bibi bado huhamia shambani. Ngazi zimemshinda, kwa hiyo Baba ameishusha paneli akaiwekea miguu ya chuma, na kando yake amechomelea kichanja cha ulezi cha ukubwa ule ule. Mwaka huu nilikwenda kumsalimia, nikainama nimpe shikamoo alipokaa kati ya hivyo viwili na fimbo yake. Hakuitikia. Alinisukuma kwa ncha ya fimbo, na ndipo nikaona kivuli changu kimelala juu ya paneli.

"Sogea kwanza," alisema. "Unakula jua la watu."

Nikasogea. Ndipo akaniitikia marahaba.