Nimelinyoosha Wigi la Jaji

Leo asubuhi nimelinyoosha wigi la jaji.

Mume wangu ni dobi hapa Lindi. Jaji amekuja kutoka Dar es Salaam kusikiliza kesi, na wigi lake lililowa mvua njiani. Mume wangu akalileta nyumbani likauke, kisha akatoka kupeleka mashati.

Mie nikaona ile misokoto ya nywele, nikadhani mvua ndiyo imezikunja. Nikapasha kitana cha chuma kwenye makaa, nikanyoosha mstari mzima wa mbele. Nilijiona nimesaidia, jamani.

Mume wangu aliporudi alilichukua wigi, akalipeleka kwenye mwanga wa mlangoni.

"Mama Zuhura, hiyo misokoto ndiyo inayotakiwa. Na mahakama inafunguliwa saa tatu."

Nikakata mabua ya mtama, nikazilowesha nywele kwa wanga wa mashati, nikazisokota kwenye mabua mojamoja, yeye akipepea makaa zikauke.

Tulifika kwa jaji jasho likitutoka. Akaligeuza wigi, akashika mstari wa mbele.

"Nani ametengeneza hapa?"

Nilifungua mdomo. Mume wangu akaniwahi.

"Mimi, Bwana Mkubwa."

Jaji akamtazama. Kisha akalivaa, akajiangalia kwenye kioo, akaenda zake mahakamani.

Mume wangu amerudi kwenye pasi zake kama vile hakuna kilichotokea. Mimi hata chai hainishuki. Nafasi ya kusema "ni mimi" nilikuwa nayo, nikanyamaza.

Nyie mngesema?