Sahani ya Kumi na Tatu

Siku ya hitma ya mama yangu niliwakataza wanawake wa mtaa wasioshe vyombo. Walikuwa wameshakaa kwenye vigoda karibu na bomba la uani, kanga wamezikunja magotini, na mmoja ameshajaza maji kwenye beseni. Nikawaambia waache, ndani kuna mashine. Walitazamana. Kisha wakanawa mikono, wakaniaga kwa adabu, nikabaki mwenyewe na rundo la sahani zenye mafuta ya pilau.

Sikufanya hivyo kwa ukarimu. Siku arobaini nyumba ile haikukauka watu, na mimi si mtu wa watu. Nilikuwa karani wa stoo ya dawa Dar es Salaam mpaka nikastaafu, kazi ya kukaa na maboksi yasiyouliza kitu. Niliporudi Kilwa Masoko kumuuguza mama, nilirudi na kitanda changu, redio, na mashine ya kuosha vyombo niliyoinunua mtumba. Mama aliifungua mlango mara moja, akachungulia, akaufunga.

"Sasa mtu akiosha na hii anaongea na nani?" aliniuliza.

Nilimwambia haihitaji mtu kuongea. Akasema ndiyo maana anauliza. Hakuitumia hata siku moja.

Huku kwetu hakuna nyumba yenye sahani za kutosha hitma. Zinaazimwa mtaa mzima, na kwa kuwa karibu wote tunanunua sahani nyeupe za aina moja kutoka maduka yale yale, kila nyumba huweka alama yake chini, kwa rangi ya kucha au rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka milango. Hawa mstari mwekundu, wale duara la kijani. Alama ya mama ilikuwa nukta tatu za bluu. Yeye ndiye aliyekuwa akirudisha sahani baada ya kila shughuli, hata zisizo za shughuli yake, na siku ya maziko wanawake watatu, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia kwamba maisha yake yote hajawahi kupeleka sahani nyumba isiyo ya mwenye sahani.

Neno hilo lilinikaa. Kulia kama wao sikuweza. Jicho langu lilikuwa kavu tangu maziko, na najua lilisemwa. Lakini kurudisha vitu kwa wenyewe niliona naweza, maana ni kazi ya stoo, na stoo yangu haikuwahi kupoteza hata chupa ya dawa ya kikohozi. Niliazimia kila sahani ifike kwao kabla ya jua la siku ya pili kuzama, asije mtu akasema mama aliacha mtoto asiyejua vyombo vya watu.

Nikapakia mzigo wa kwanza, nikaweka sabuni ya unga, nikachagua maji ya moto kabisa kwa sababu ya yale mafuta. Zikatoka zinang'aa. Mzigo wa pili pia. Mzigo wa tatu ulifika katikati mashine ikakohoa, ikanyamaza, taa nyekundu ikaanza kupepesa. Kwenye kioo kidogo ikaonekana herufi moja na tarakimu mbili. Nilifungua mlango nikakuta maji yametuama chini, ya rangi ya chai ya maziwa. Adhana ya magharibi ilikuwa inakaribia na mgongo unaniuma. Nikaacha hadi kesho yake.

Asubuhi nilikaa sakafuni na kitabu cha maelekezo. Kitabu kilisema herufi ile maana yake maji hayatoki, na kwamba kwanza mashine ianzishwe upya. Nikachomoa plagi, nikangoja dakika kumi kwa saa ya ukutani, nikachomeka. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia nikakishikilia mpaka taa zote zikawaka kisha zikazimika pamoja. Mashine ikanguruma, ikatulia kidogo, ikanirudishia herufi ile ile. Nikarudia. Mara ya tatu nilijikuta naisemesha, tena si maneno mazuri.

Nikampigia fundi niliyemjua Dar es Salaam. Akasema nimtumie picha. Nikatuma, akaiona, na huo ndio ukawa mwisho wa msaada wake.

Basi nikafuata maelekezo mstari kwa mstari, kama tulivyokuwa tukikagua mzigo. Mpira wa kutolea maji ulikuwa umenyooka, haujabanwa na ukuta. Mdomo wake haukuwa umeziba. Nikatoa sahani zote, nikakomba yale maji kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, mpaka nikaona chujio chini kabisa. Nikalizungusha likachomoka. Lilikuwa limejaa punje za wali, maganda ya iliki, na vipande vyembamba, vigumu kidogo, vyekundu na vya kijani. Nikasema kachumbari hiyo, nyanya na pilipili hoho. Vilikuwepo na vya bluu. Vya bluu sikuvitafutia maelezo.

Nikalisugua chujio kwa mswaki wa zamani. Nikaingiza kidole kwenye tundu la pampu nikatoa donge jingine la vipande vile vile. Mikono ile inayozunguka na kurusha maji nikaizibua vitundu kwa njiti ya kiberiti, kimoja kimoja. Kisha nikarudisha kila kitu mahali pake, nikazipanga tena zile sahani za mzigo wa tatu, nikaweka maji ya moto kabisa, nikawasha. Maji yakaingia, yakazunguka, yakatoka. Nilifurahi, sitaficha. Nilikaa kwenye kigoda nikaisikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

Wanawake walikuja baada ya swala ya alasiri. Sahani zilikuwa zimepangwa mezani kwa urefu sawa, nyeupe, kavu. Wa kwanza, mshonaji wa nyumba ya mkabala, alichukua moja akaigeuza kutazama alama. Akaiweka. Akachukua ya pili, ya tatu. Akanitazama.

"Dada, mbona zimenyolewa?"

Nikageuza mwenyewe. Chini ya sahani hapakuwa na mstari wala duara wala nukta. Niligeuza kumi, ishirini. Ndipo nikaielewa kachumbari yangu. Yale maji ya moto na ile sabuni vilikuwa vimebandua alama za mtaa mzima, alama ndizo zilizoziba pampu, na mimi kwa mkono wangu nikazichokonoa, nikazimwaga, nikawasha mashine imalizie zilizobaki. Aibu niliyoipata sijapata kuiona kazini miaka yote. Kazi moja ya mama niliyoiona naiweza, na hiyo nimeiharibu kwa ufanisi.

Nilitegemea maneno. Badala yake walitandika mkeka, wakakaa, wakaanza. Mmoja alijua zake kwa pengo la ukingoni. Mwingine alizipima uzito mkononi na kutikisa kichwa. Wawili waligombea sahani moja mpaka wakacheka wenyewe, na mshonaji akasema mashine imefanya kazi ya shetani, imewafanya wote kuwa ndugu. Zisizojulikana kabisa wakagawana kwa idadi ya walizoleta. Za bibi wa nyumba ya mwisho, ambaye miguu haimruhusu kutembea na ambaye hata hitma hakuhudhuria, zilichukuliwa na jirani yake, sita. Zikabaki za kwetu. Kabati la mama lilikuwa na kumi na mbili. Mezani zilibaki kumi na tatu.

"Kuna mtu amesahau moja," nikasema.

Kila mmoja akahesabu. Hakuna aliyepungukiwa.

"Basi itembeze," mshonaji akaniambia. "Mama yako ndivyo alivyokuwa akifanya."

Kutembea nyumba kwa nyumba ni kitu nisichokipenda kuliko kung'olewa jino. Lakini sahani ya mtu ilikuwa kwenye nyumba ya mama, na mimi ndiye niliyefuta alama. Zile kumi na mbili nikazirudisha kabatini, hiyo moja nikaichukua. Nyumba ya kwanza waliigeuza wakasema si yao, ila nikae. Ya pili vivyo hivyo. Nilikunywa chai mara nne jioni ile, na kila nilipokaa nilisimuliwa mama yangu: alipenda tangawizi nyingi, alikuwa anacheka mpaka anashika mlango. Mimi nilimjua akiwa mgonjwa miaka miwili, na kabla ya hapo kwa simu. Nilisikiliza.

Nyumba ya mwisho nilimkuta yule bibi kibarazani, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na shughuli. Zangu nimeletewa."

Nikamweleza habari ya mashine, na ya sahani isiyo na mwenyewe. Akanyoosha mkono, akaipokea, akaiweka mapajani bila kuigeuza.

"Hii ya kwenu."

"Zetu ni kumi na mbili, mama."

"Zilikuwa kumi na tatu. Mama yako aliniletea tambi za kufuturia, Ramadhani ya mwisho kabla hujarudi, kwenye hii." Akaipangusa ukingo kwa kanga. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, na alijua kwamba najua. "Nikasema nitapata cha kuweka niirudishe. Sikupata. Mara akaugua, nikasema akipona. Siku ya hitma nikaona haya kuendelea kukaa nayo, nikaichanganya na zangu nikaituma. Nimeituma tupu, mwanangu. Mwenzangu amekwenda, na sahani yake nimemrudishia tupu."

Akaanza kuinuka. Nilimwambia asihangaike. Alishika ukuta akaingia ndani polepole, nikasikia anafungua debe, na aliporudi ile sahani ilikuwa na korosho za kukaanga mpaka ukingoni. Akanipa kwa mikono miwili.

Nililia pale pale kibarazani, kwa sauti, mbele ya mtu. Sikujua nina sauti ya namna hiyo. Yeye hakunizuia. Alikaa tu, ananitolea korosho moja moja zilizoanguka kwenye kanga yangu, anazirudisha kwenye sahani.

Nyumbani nilimimina korosho kwenye bakuli, nikaiosha ile sahani kwa mkono bombani, nikaikausha. Kwenye droo ya mama palikuwa na kichupa cha rangi ya kucha ya bluu, kimekaribia kukauka. Nikageuza sahani nikaweka nukta tatu. Hazikukaa sawa kama zake, moja imeenda upande. Kisha nikatoa zile kumi na mbili kabatini.