Jinsi Nyanya Alivyokubali Kupanda Boti

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Nilisoma hadi mwaka wa sita wa shule ya msingi, na herufi zangu hulala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Makosa mtayaona. Mkiyaona, yasahihisheni kwa kalamu ya risasi, ila msiyasome kwa sauti mbele yangu. Mwalimu wa kanisa letu ndiye aliyeniomba niandike safari yangu katika daftari hili linalozunguka nyumba kwa nyumba hapa Muheto, kwa sababu wengi wetu hatujawahi kuvuka ziwa na iko siku tutalazimika.

Niliondoka kwa ajili ya nyanya, mama ya papa, baba yangu. Alikuwa akiishi Itebero, katika msitu wa Walikale, nyumbani kwa shangazi yangu. Zamani alikwenda huko kwa miguu, akipita Kibua, mzigo mgongoni na kamba ya mzigo kwenye paji la uso. Sasa shangazi alikuwa anamfuata mume wake Kisangani, na nyanya angebaki peke yake katika nyumba tupu. Njia ya Kibua haiwezi tena kupitwa na mtu mwenye magoti kama yake. Ilibaki njia ndefu ya kuzunguka: kushuka hadi Kirotshe, kupanda boti hadi Bukavu, kisha gari hadi Hombo na pikipiki hadi Itebero.

"Bahati, weye njo utaenda," papa aliniambia.

"Papa, mie siwezi kusema na watu."

"Hauendi kusema. Unaenda kuleta nyanya."

Siku ya kwanza, kabla jua halijapanda, nilitoka Muheto nikiwa na mfuko wa viazi, maharagi kidogo, na fromaji moja, jibini la ng'ombe wetu, ambayo mama aliifunga katika jani la mgomba. Pikipiki ilinishusha Sake, nyingine ikanifikisha Kirotshe. Nilipoona ziwa kwa karibu, nilisogea nyuma hatua moja. Ukiliangalia kutoka mlimani ni kitu kimetulia kama shuka lililoanikwa. Ukisimama kando yake unaona linapumua.

Nilifanya kama tunavyofanya sisi kwenye miteremko yetu. Nilifunga mfuko wa viazi mgongoni, nikapitisha kamba mara mbili kifuani na kukaza fundo. Mlimani ukiteleza, mzigo usiofungwa unabingirika mpaka bondeni na unaupoteza. Nikaingia katika boti hivyo, nikakaa mbele kabisa ili nione njia.

Nyuma yangu alikuwa mama mmoja mnene, ameketi juu ya mifuko yake ya maharagi kama mtu aliye kwake. Wote walimwita Mama Sifa. Alikuwa akipeleka maharagi Bukavu na kurudi na sabuni na vikwembe, vile vitenge vya kujifunga, miaka mingi.

"Weye kijana," alisema, "ile kamba ni ya nini?"

"Ni ya mzigo, Mama."

"Mzigo njo umekufunga, ao weye njo umeufunga?"

Watu wakacheka. Nikaangalia miguu yangu.

"Huku hakuna kilima, mutoto yangu. Hapa kitu kikianguka kinaenda chini, na kama mumefungana munaenda wote wawili. Fungua."

"Umuache, Mama Sifa," alisema mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya, Papa Zakaria, ambaye naye alikuwa mtu wa boti tangu ujana. "Samaki nao wanataka kuonja viazi vya Masisi."

Nikafungua. Mama Sifa akaniita niketi karibu naye, katikati. Mbele, alisema, boti inaruka sana na tumbo linaruka pamoja nayo. Nyuma kuna moshi wa moteri. Katikati ndiko wanakokaa wanaojua.

Tulipoacha ufuko mawimbi yalikuwa madogo, lakini mimi nilianza kutoka jasho baridi. Nilikuwa nimekunywa maziwa asubuhi, kikombe kikubwa, kama kawaida yetu. Papa Zakaria alinitazama akasema kwamba watu wa ng'ombe wote wanafanya kosa hilo, wanashiba maziwa halafu wanalirudishia ziwa. Alinipa kipande cha tangawizi nitafune, na muhogo mkavu uliochomwa. "Na usiangalie maji ya hapa chini. Angalia kule, milima ya Idjwi. Ile haitembei." Nikaikazia macho milima ya Idjwi, upande wa kushoto, hadi tumbo likakubali.

Baadaye nilitoa daftari langu dogo nikaanza kuandika waliyoniambia. Naandika polepole, na boti ikitikisika kalamu inakimbia yenyewe.

"Unaandika nini?" Mama Sifa aliuliza. "Uko polisi?"

"Hapana, Mama. Ni ya nyanya yangu."

Hapo nikajikuta nimemweleza yote, mimi ambaye dukani naonyesha kwa kidole. Alisikiliza bila kucheka. Kisha wakaanza kunipa maneno, yeye na Papa Zakaria, wakikatizana.

Gile, ile fulana ya kuelea, ivaliwe na ifungwe kabla boti haijaondoka, isifanywe mto wa kukalia. Simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Chukua boti ya asubuhi, maana upepo mkali unaamka baada ya saa sita. Boti ikifika, usisimame, hata kama wote wamesimama. Wengi wanaoanguka wanaanguka ufuko ukiwa mbele ya macho yao. Na nguo nzito, alisema Mama Sifa, kwani watu wanafikiri jua la ziwa linapasha joto, kumbe upepo wake ni baridi.

"Na la kwanza kuliko yote," alisema, "kuna mustari mwekundu ubavuni. Mwenye boti aliupaka yeye mwenyewe. Kama uko juu ya maji, panda. Kama maji yameufunika, hata wakuite na jina la baba yako, usipande. Unangoja ingine."

"Mama, weye umevuka mara ngapi?"

"Niliacha kuhesabu. Lakini ule mustari naangalia kila siku."

Tulipofika Bukavu aliniambia angerudi Jumanne ya wiki iliyofuata, kwa boti ya asubuhi. "Mulete huyo nyanya. Nitakaa naye."

Nililala Bukavu kwa jamaa wa kanisa, na kesho yake gari lilipita katika msitu wa mbuga ya wanyama, likateremka Bunyakiri, na jua likiinama nikawa Hombo. Kesho yake pikipiki ilinipeleka Itebero. Tulishuka kuisukuma mara nyingi kuliko tulivyoipanda. Hewa ya kule ni nzito na ya joto, miti imekaa karibu karibu, na sisi tuliozoea kuona mbali tunahisi kama tumefunikwa na blanketi.

Nyanya alikuwa barazani akimenya ndizi. Aliniangalia muda mrefu.

"Huyu ni wa nani mwenye masikio ya mume wangu?"

"Ni Bahati, nyanya. Nimekuja kukuchukua."

"Kunichukua na nini?"

Nilipotaja boti aliweka kisu chini. "Nilikuja na miguu yangu, nitarudi na miguu yangu."

"Mama, ile miguu ya wakati ule iko wapi?" shangazi aliuliza kutoka jikoni.

"Iko hapa. Unaona niliiuza?"

Siku mbili alikataa. Shangazi alikuwa amekwisha kufunga vyombo. Jumapili angeondoka, na mtu mwingine angeingia katika ile nyumba. Nyanya alijua. Alikula fromaji yetu yote kidogo kidogo, akasema ina harufu ya kwao, na bado akakataa. Hakuwa mkaidi bure. Maisha yake yote ziwa alilijua kwa habari za watu ambao halikuwarudisha.

Ijumaa jioni, kabla ya chakula, nilitoa daftari nikamsomea. Sikujua kitu kingine cha kufanya. Nilisoma kuhusu tangawizi, kuhusu katikati ya boti, kuhusu mustari mwekundu. Ninasoma polepole pia, kwa hiyo ilichukua muda.

"Huyo mama amevuka mara ngapi?"

"Alisema aliacha kuhesabu."

"Na bado anaangalia mustari?"

"Kila siku, nyanya."

Akasema, "Angekuwa amesema haogopi, ningebaki hapa. Soma tena ile ya tangawizi."

Jumapili, baada ya ibada, baba mukwe wa shangazi, aliyekuja kutoka kwake kutuaga, alichukua maji kinywani akayapuliza kifuani mwa nyanya, kama wazee wa huko wanavyomuaga mtu anayekwenda mbali. Shangazi akaomba Baba Yetu. Nyanya alipokea yote mawili, akafuta kidevu, tukapanda pikipiki.

Jumanne asubuhi tulikuwa kwenye bandari ya Bukavu. Tulikuwa tumelala kwa jamaa wa kanisa, nyumba ileile niliyolala wakati wa kwenda. Nyanya alikuwa amevaa vikwembe vitatu na koti alilopewa na yule mzee mukwe. Uso wake ulikuwa mkavu. Nilimtafuta Mama Sifa kati ya watu wote, mifuko yote. Hakuwapo.

Boti ilikuwa tayari. Mkata tiketi aliita, "Nyanya, kuja, nafasi iko." Nyanya akanyanyua mguu mmoja kwenye ubao wa kupandia. Nikainama kuangalia ubavu wa boti. Mustari sikuuona. Nilisogea upande wa pili, nikadhani labda uko huko. Maji yalikuwa yameufunika kabisa, na bado walikuwa wanapakia magunia ya saruji.

"Nyanya, tungoje," nilisema.

"Tungoje nini?"

"Ingine. Mustari hauonekani."

Alishusha mguu. "Bahati, leo nimekubali. Kesho mie sijui kama nitakubali. Mimi najijua."

Mkata tiketi akasema, "Kijana, hii ni boti, si mutumbwi. Unarudisha mzee nyuma kwa sababu ya rangi?"

Watu walitazama. Nilihisi masikio yakiwaka. Nilitaka kusema vizuri, lakini yaliyotoka yalikuwa haya tu: "Samahani, Papa. Hatupandi." Nikamshika nyanya mkono tukarudi kukaa kwenye jiwe. Boti ikaondoka. Nyanya aliifuata kwa macho hadi ilipokuwa ndogo kama mbegu, na mimi nilihesabu moyoni njia yote ya kurudi Itebero ambako hakukuwa tena na nyumba yetu.

Ili msidanganyike, ile boti ilifika salama. Niliuliza baadaye.

Tulirudi kwa wenyeji wetu. Mama wa nyumba alitupikia sombe, majani ya muhogo, na bugali, nyanya akala vizuri, na asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza kuvaa. Sikuthubutu kumuuliza kitu. Tulifika bandarini mapema, na pale juu ya mifuko yake ya sabuni alikuwa ameketi Mama Sifa.

"Jana ulikuwa wapi?" nilimuuliza, nikasahau hata kusalimu.

"Jana nilifika pale juu kwenye barabara, nikaona boti imekaa kama bata mugonjwa. Nikarudi kulala kwa wenyeji wangu. Na nyie?"

"Hatukupanda."

"Nani aliwaambia?"

"Weye, Mama."

Alinitazama, kisha akamtazama nyanya. "Nyanya, huyu mujukuu wako ana masikio makubwa, lakini anayatumia."

"Ni ya mume wangu," nyanya alijibu. "Yeye hakuyatumia."

Mustari mwekundu ulikuwa juu ya maji, kiganja kizima. Tulipanda. Nyanya alikaa katikati, akavaa gile, akafunga mwenyewe. Halafu nikaona amechukua kikwembe chake na kufunga kapu lake kiunoni, fundo la mlimani, lile ambalo halifunguki.

"Nyanya, fungua hiyo."

"Nani amekuambia ninafungua? Kapu likianguka?"

"Likianguka linaenda peke yake."

Mama Sifa alianza kucheka hadi mifuko ikatikisika. Nyanya alifungua fundo kwa meno, polepole, akinitazama kama mtu aliyenyang'anywa shamba. Kisha akatafuna tangawizi na kuangalia Idjwi, sasa upande wa kulia, mpaka Kirotshe. Boti ilipogusa ufuko watu wote walisimama. Msichana mmoja mbele yetu, mwenye mtoto mgongoni, alisimama pia.

"Mutoto yangu, kaa," nyanya alimwambia. "Ufuko hauendi mahali. Sisi wa ziwa tunashuka mwisho."

Sasa yuko hapa Muheto, katika chumba ambacho papa alikijenga upande wa jua. Wanaotaka kuvuka wanakwenda kumuuliza, naye anajibu kana kwamba alizaliwa majini. Mimi nimejifunza mambo ya boti niliyoyaandika hapo juu, na jambo moja zaidi: mtu anaweza kusema maneno matatu tu, akiona haya, na yakatosha.

Nimeacha kurasa sita tupu mwisho wa daftari hili. Wewe uliyevuka kwa boti kubwa za Goma, ao uliyesafiri siku nyingi kwenye mto kule Kisangani, tafadhali andika unayoyajua, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Nyanya anataka kwenda kumuona shangazi. Ameniuliza kama boti za mto nazo zina mustari.