Magari ya Zuhura

Jamani, acheni nijicheke kwanza mwenyewe. Zuhura, tunayekaa naye meza jirani ofisini Kibaha, aliingia akiwa anang'aa kwa furaha.

"Magari yangu ya mashindano yamefika! Tulichangishana mtandaoni, watu wa nchi mbalimbali, mpaka yakatengenezwa. Jumamosi njoo nyumbani Kisarawe, nahitaji madereva."

Nilimvulia kofia mwanamke yule. Kwa kuwa sijui kuendesha, nilikwenda na mjomba wangu, dereva mstaafu wa malori. Njia nzima nilimsifia Zuhura mpaka koo likakauka.

Uani hapakuwa na gari hata moja.

"Shikamoo, mjomba. Karibuni ndani," alisema Zuhura.

"Marahaba, mwanangu. Ndani?"

Mezani alikuwa ametandaza ubao wenye barabara ya kuchorwa. Juu yake vilipangwa vigari vidogo kama kidole gumba, vyenye vioo, matairi, hata usukani. Mchezo wa kompyuta alioupenda tangu utotoni ulikuwa umegeuzwa kuwa mchezo wa mezani. Vilikuwa vizuri ajabu! Nilipiga magoti nikavitazama.

"Kumbe ulidhani ni magari ya kweli?" Zuhura aliniuliza.

"Hapana, nilijua," nikasema.

Mjomba akakohoa. "Mwanangu, huyu aliniambia tunakwenda kuyajaribu barabara ya Kiluvya."