Vidonge vya Mchana

Mwanangu, naikumbuka bado asubuhi moja ya Ramadhani, mama yangu alipoanguka uani kwetu, mtaa wa Gerezani.

Mama alikuwa na tatizo la presha kushuka kila anapoinuka. Akikaa ni mzima, anapiga soga na wapangaji wenzetu. Akisimama tu, macho yanaingia giza, magoti yanalegea. Hospitali wakampa vidonge vya kuipandisha: asubuhi, mchana na alasiri, saa ambazo yuko kwenye miguu yake. Karibu na kulala asimeze, maana akilala presha ingepanda kupita kiasi. Dawa ilimkubali. Akaanza tena kwenda Kariakoo mwenyewe, kugombania bei ya nazi.

Mwezi ulipoandama, daktari alimkataza kufunga. Mama aliona haya mno.

"Nyumba nzima imefunga, mimi nimeze vidonge mchana?"

Nami, kijana muuza vipuri niliyejiona najua kila kitu, nikamwambia, "Funga tu, mama. Vyote utameza baada ya futari."

Daktari sikumuuliza. Nilitaka mama afurahi, na kweli alifurahi, akaniombea dua ndefu. Dua ile inanichoma mpaka leo.

Haikupita wiki. Aliinuka mkekani akaanike nguo, akaenda chini kwenye saruji, nyonga ikavunjika. Tangu hapo hakutembea tena bila kushikwa. Majirani walipokuja kumjulia hali, akawaambia, "Nilijikwaa kwenye ndoo." Ndoo haikuwepo. Mama yangu, mcha Mungu yule, alisema uongo ndani ya mwezi mtukufu ili watu wasinilaumu mimi. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza.

Basi mwanangu, ukiwa na mgonjwa nyumbani, saa za dawa usizipange wewe. Nenda naye kwa daktari kabla ya mfungo, muulize, na akisema asifunge, asifunge. Mgonjwa ana ruhusa yake kwa Mungu. Kazi yako ni kumwondolea haya: mpelekee maji chumbani, kaa naye anapomeza. Akitaka kuinuka, akae kwanza, miguu chini, atulie, ndipo asimame, nawe uwe karibu.

Mungu akuwekee mama yako, mwanangu. Na asikufikishe siku ya kulindwa naye kwa uongo.