Tumbo la Kuku Lilivyomtetea Goreti

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila ninaposhika kisu cha kuchinjia kuku. Nilikuwa mke kijana pale Kidahwe, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa ametoka kuugua surua, amebaki shingo na macho. Zahanati walituambia tumpe yai kila tunapolipata. Hilo halikututisha, maana mama mkwe alikuwa na kuku wa kienyeji watagaji wazuri. Kisha, katikati ya msimu wa kupanda, mayai yakakatika.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walikuwa wengi kwetu. Wengine walikaa kambini, wengine majumbani mwetu, kwani Kiha chetu na Kirundi chao si lugha za kutafutiana mkalimani. Kwetu alikuwepo Goreti, mwanamke aliyefika peke yake na kanga moja. Kama alikuwa na watoto, hakuwataja, nasi hatukumuuliza. Mama mkwe alimpa kitanda, na hakungoja siku ya tatu ampe jembe kama methali isemavyo. Alimkabidhi kuku wake siku hiyohiyo aliyofika.

Sasa kuku wakikoma kutaga, na anayewalisha ni mgeni, unadhani watu walisema nini? Jirani yetu, Mungu amrehemu, ulimi wake haukujua kupumzika. Alinishika kisimani akaniambia, "Mayai hayajakatika, yanaliwa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Maneno yakamfikia mume wangu. Naye kila alipomwona mtoto amejilaza mkekani hasira zilimpanda, mwishowe akasema Goreti afunge mzigo wake aende kambini.

Goreti alianza kukunja ile kanga yake.

Mama mkwe alikuwa ameshajaribu dawa. Majani ya mlonge aliyakausha kivulini, akayatwanga pamoja na kitunguu saumu, akachanganya na pumba. Dawa hiyo si ya kudharau, nami naitumia hadi leo, maana humsaidia kuku mwili wake usirundike mafuta. Lakini safari ile haikufua dafu, na yule bibi akawa anajiuliza kwa nini.

"Haondoki mtu hapa," alimwambia mume wangu, "mpaka nimchinje yule kuku mweupe."

Tulishangaa. Mweupe ndiye alikuwa mtagaji mkuu, na mnene kupita wote. Kila aliyepita alimsifu, kwa kuwa kwetu kuku mnene ni sifa ya nyumba. Mama mkwe akamchinja, akamnyonyoa, akampasua mbele yetu sote. Hata jirani aliitwa, kwa heshima zote, aje ashike sufuria.

Tumbo lilikuwa limejaa mafuta ya njano, yamefunika utumbo mpaka firigisi haionekani. Ini lilikuwa limepauka, akaligusa kwa kidole likamomonyoka. Na pale ambapo kuku mtagaji huwa na viini vimepangana, vikubwa kwa vidogo, palikuwa na vipunje tu, mfano wa ulezi.

"Haya niambie, mwanangu," mama mkwe akamwuliza mume wangu. "Goreti kala yai gani hapa?"

Mume wangu akatazama chini. Jirani akakumbuka kwamba ameacha maharage jikoni.

Nilidhani yameishia hapo, lakini mama mkwe alimgeukia Goreti. "Nawe, binti yangu, hawa unawapa mahindi mara ngapi?"

Ndipo Goreti alipolia. Msimu wa kupanda kuku hufungiwa wasifukue mbegu za watu, kwa hiyo walikuwa bandani kutwa nzima, hawakimbii, hawachakuri. Na mahindi yalikuwepo, yale ya njano ya msaada wa kambini, tuliyoyapata kwa kubadilishana na ndizi zetu. Kila alipopita bandani kuku walimjia wakilia, naye akawatupia konzi ya mahindi. Akirudi, konzi nyingine.

"Inkoko zirashonje, mama," alisema. Kuku wana njaa. "Wakinililia siwezi kuwapita. Njiani kule kuna walionililia, nikapita."

Hakuna aliyemwuliza ni akina nani. Mama mkwe alikaa chini karibu naye, akamshika mkono kwa mikono ileile yenye manyoya ya kuku. "Hawa hawana njaa, Goreti. Wamekuzoea tu, na mafuta ndiyo yamewazuia kutaga. Wape kidogo, halafu kaa nao."

Ikawa hivyo. Asubuhi kibakuli kimoja cha mahindi, kisha mchicha na ile dawa ya mlonge, na jioni kuku wakitolewa nje wakachakure, Goreti yupo na fimbo yake akiwazuia wasiingie mashambani. Dawa ikapata nafasi ya kufanya kazi. Mafuta yalipungua polepole, na mayai yakarudi polepole vilevile.

Yai la kwanza alilichemsha Goreti mwenyewe, akamlisha mtoto wangu. Mtoto akalimaliza, akalilia jingine. Nilimwona Goreti anasita, machozi yamemlenga. Kisha akampangusa mdomo, akamwambia, "Kesho." Akamwacha alie kidogo, akaenda kuwafungulia kuku.

Basi, mwanangu, kuku wako wakikoma kutaga, usikimbilie dawa kabla hujajua wanakula nini, maana majani hayashindani na mkono usiojua kiasi. Na usimtuhumu mtu wa nyumbani mwako kwa sababu tu hana ndugu wa kumtetea. Ukimkuta amekosea kwa huruma, usimnyang'anye kazi, mfundishe kipimo, umwachie huruma yake.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa, na jicho la kuona umetoa kiasi gani. Na kwa kila atakayekulilia, akujalie uwe na kesho ya kumwahidi.