Shingo za Chupa Zangu

Darasa la nne nililiacha mimi, halikuniacha lenyewe. Nalisema mapema ili mtu asinihurumie. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, sebule ina vigae, na watoto wangu watano wote wamesomeshwa na petroli. Siyo petroli ya kituo chenye pampu na taa. Ni petroli ya chupa za maji ya kunywa, nilizozipanga juu ya meza ya mbao mbele ya nyumba, kijijini kwetu, nusu saa kwa pikipiki ukishaiacha lami pale Mpui. Mafuta nilikuwa nayafuata Sumbawanga mjini kwa madumu, nikija huku nayagawa.

Kila chupa ni ya lita moja na nusu, na mimi nilikuwa nauza lita moja na nusu. Isipokuwa shingo. Shingo sikujaza. Watoto walipokuwa wadogo, wakinishikia faneli, niliwafundisha: "Simama pale bega linapoanza. Bega kwenda chini ni la mteja. Shingo ni ya madaftari yenu." Binti yangu wa mwisho ndiye alikuwa na mkono. Alijaza chupa ishirini, zote zikakomea mstari mmoja kama amezipiga rula.

Binti huyohuyo alimaliza chuo kikuu na shahada ya uchumi, akarudi nyumbani, akakaa miaka miwili akipalilia ulezi na kuangalia simu. Siku moja akaingia anakimbia, jembe bado begani. Ameitwa kwenye usaili Dodoma. Serikali inataka vijana waliomaliza vyuo waanze kazi katika ofisi inayosimamia biashara ya mafuta, gesi na umeme. Akanisomea jina la cheo, refu, na mwisho wake likasema Daraja la Pili.

"La pili kwa nini?" nikamuuliza. "Mimi sijasomesha mtu wa la pili. Omba la kwanza."

"Baba, wote wanaanzia hapo."

"Wasio na baba ndio wanaanzia hapo."

Mama yake alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Nikaamua kumwandaa mwenyewe. Katika nyumba ile nani alikuwa anayajua mafuta kuliko mimi? Nikavaa koti langu la misa, nikakaa kwenye kochi, nikamtoa nje na kumwambia abishe hodi. Akiingia achuchumae na kupiga makofi taratibu, kama tunavyowasalimu wakubwa huku Ufipa, asiinuke mpaka aitikiwe. Nikamrudisha mara tatu. Mara ya nne akachungulia mlangoni.

"Baba, na ile sketi ya usaili, nikichuchumaa nitainuka?"

Somo la salamu likaishia hapo. Nikamtupia swali: "Bei ya mafuta inapangwaje?"

Akajibu vizuri tu. Kwamba wanaangalia bei ya soko la dunia, meli, bandari, usafiri mpaka mkoani. Kwamba kila mwezi serikali inatangaza bei kikomo, na hakuna ruhusa ya kuuza juu yake. Nikamwacha amalize.

"Sifuri," nikasema.

Kisha nikamfundisha. Kwanza, tazama mawingu. Mvua ikinyesha na magari yakinasa kwenye ule mteremko wetu, bei imepanda, huna haja ya redio kukuambia. Pili, mtazame mteja. Akija anaendesha, mnapatana. Akija anasukuma, hamna cha kupatana. Tatu, tazama meza ya jirani ng'ambo ya barabara. Chupa zake zikiisha umebaki peke yako, na ukibaki peke yako, serikali ni wewe. Alikuwa anaandika yote kwenye daftari. Nikawa natulia kila baada ya maneno machache, amalize kuandika, kama profesa.

"Na wateja hawalalamiki?" akauliza, kichwa bado chini.

"Wamlalamikie nani?"

"Hapo hapo, baba. Rudia."

Nikarudia. Tena kwa sauti kubwa.

Alipoondoka nikamfungia na debe la maharage awapelekee wasaili. Baadaye nilijua debe halikuvuka mjini. Alilishusha Mazwi, palepale mjini, kwa shangazi yake, na huko wakalila mpaka likaisha.

Alirudi baada ya siku chache, akashuka kwenye bodaboda, akavuta kigoda akakaa pembeni ya meza yangu. Mtihani wa kuandika ameuona mwepesi, akasema. Kwenye mahojiano waliwauliza wote swali moja: toa mfano wa soko lisilo na ushindani.

"Wenzangu walitoa mifano ya Ulaya. Mimi nikawapa meza yetu."

"Meza gani?"

"Hii."

Nikaitazama meza kana kwamba imenisema yenyewe. "Ukawaambia na mambo ya mvua?"

"Na mvua."

"Na jirani akiishiwa?"

"Nilisema ulivyosema, serikali ni wewe. Walicheka. Mmoja akaandika."

"Mwanangu. Na shingo?"

Akakuna goti. "Shingo ndiyo waliyoipenda zaidi. Wakauliza meza ni ya nani. Nikasema ya baba."

Niliyoyasema hapo siyaandiki. Kwa ufupi, nilimwambia amenivua nguo mbele ya serikali, na kwamba sare yake ya shule ya kwanza ilikuwa shingo tupu. Akajibu, "Najua, baba. Nilizijaza mimi." Nikasusa ugali. Kususa nako sikukuweza. Nilijiendea jikoni mwenyewe, nikala umepoa.

Wiki kadhaa zikapita, akafaulu. Ila kabla ya kuripoti kulikuwa na fomu, na ndani ya fomu swali moja: je, wewe au mtu wa nyumbani kwenu anafanya biashara ya mafuta, na ana kibali? Akaiweka mezani, katikati ya chupa, na kalamu juu yake.

"Andika hapana," nikamwambia.

"Siandiki uongo. Nitaandika ndiyo, na kibali hana. Halafu tusubiri."

"Watakunyima kazi."

"Wanaweza."

Akachukua jembe akaenda zake shamba. Hakunibembeleza. Nilimlea vibaya, nilimlea kama mimi.

Nikakaa na karatasi ile. Kusoma najua, polepole. Swali nililisoma mara tatu nikitafuta mlango wa kutokea, hakuna. Kibali kinataka tangi la chini ya ardhi, pampu, na mitungi ya kuzimia moto. Mimi nina meza, na mguu wake mmoja umeegeshewa tofali. Miaka miwili ya ulezi, na kinachomzuia binti yangu ni mimi.

Basi nikasema hizi za leo ni za mwisho, na kwa kuwa ni za mwisho, zijae kama serikali inavyotaka. Nikajaza mpaka mdomoni. Chupa kumi na moja zikabaki tisa na kidogo, na hapo ndipo nilipojua miaka yote nilikuwa nabeba nini.

Akaja dereva wa bodaboda, mtu mzima, mteja wangu wa siku nyingi. "Shikamoo mzee." Akashika chupa, akasita. Akaiinua juani. Akafungua, akanusa, akachovya kidole.

"Mzee, humu umeongeza nini?"

"Sijaongeza. Imejaa tu."

"Imejaa kwa nini?"

"Ndicho kipimo."

"Kipimo ni hapa." Akaweka kidole begani, palepale, bila kukosea hata unywele. "Kama umetia maji sema, usiniulie injini."

Nikaapa kwa kaburi la mama yangu. Wakati huo binti akatokea shambani, dereva akamgeukia: "Dada, mzee mzima kweli?"

Yeye aliitazama mistari ya chupa, moja baada ya nyingine. Akachukua kalamu, akainama mezani, akaandika kwenye fomu: Alikuwa nayo. Ameacha leo.

"Mzima," akasema. "Chukua, ni halali yako."

Fomu ilipokelewa. Sasa yuko ofisini, daraja la pili, na kila bei mpya ikitoka ananitumia kwenye simu, mimi ambaye sina tena hata chupa moja ya kuuza.

Lakini yule dereva siku ile hakutuamini, si mimi wala mwanangu. Aliimimina ile ya shingo ndani ya dumu langu, polepole, mpaka mafuta yakashuka begani. Hapo ndipo akafunga kifuniko na kuondoka na chupa yake aliyoizoea.